Ayurveda na mayai yasiyopevuka: namna ya kuifuata hatua kwa hatua bila kuumia wala kupoteza mda

Wadada wengi wakishatafuta mtoto mda mrefu hufika mahali wanaambiwa "jaribu dawa za Kihindi", basi unakuta mtu keshanunua kopo la unga na vidonge vyeusi na hajui ni nini, vinafanya kazi gani, anywe mpaka lini. Naandika hii kwa ajili ya huyo dada. Ayurveda ni tiba ya zamani sana ya India, ina vitabu vyake, ina vyuo vyake, madaktari wake wanasoma miaka mitano na nusu na kupata shahada inayoitwa BAMS, na serikali ya India imeipa wizara, pamoja na tiba nyingine za asili na mbadala, tangu 2014. Kwahiyo sio dawa ya barabarani. Ila sio kila kinachouzwa kwa jina hilo ni salama, na kuna matatizo ya uzazi ambayo haiwezi kuyagusa hata ukinywa miaka kumi. Mimi msimamo wangu ni kwamba uitumie pale ilipo na nguvu, yani kwenye mzunguko, chakula, usingizi na kutuliza akili, na usikubali ikumalizie umri wako.

Hatua ya 1: Elewa wao wanalionaje tatizo

Ugumba kwenye Ayurveda unaitwa vandhyatva. Mganga mkongwe Sushruta, kwenye sehemu ya kitabu chake inayoeleza mwili, anasema mimba inataka vitu vinne vikutane: ritu yani msimu, kshetra yani shamba, ambu yani maji, na bija yani mbegu. Vikikutana vinne hivyo mimba inatunga kama mche unavyochipua. Mimi naipenda sana hii sababu ukiipeleka kwenye uzazi tunaoujua leo inakaa vizuri kabisa. Msimu ni zile siku chache za mwezi ambazo mimba inaweza kushika. Shamba ni kizazi, na waalimu wa sasa wanaweka humo mirija na njia yote. Maji ni lishe na damu na homoni zinazolisha hivyo vyote. Mbegu ni yai lako NA mbegu za mume wako, naandika NA kwa herufi kubwa makusudi.

Alafu kuna mambo ya dosha tatu, vata, pitta na kapha. Kwa kifupi, vata ni mwendo na ukavu, pitta ni moto, kapha ni uzito na ubaridi. Kuna tawi la vata linaitwa apana, hilo wanasema ndio linasukuma vitu kwenda chini, haja, mkojo, hedhi, mtoto wakati wa kuzaliwa. Likivurugika, hedhi inavurugika. Kwahiyo daktari wa Ayurveda, wanamwita vaidya, hakuulizi tu "unapata hedhi lini", anakuuliza choo chako kikoje, unalala saa ngapi, ulimi wako ukiamka una utando, unasikia njaa ya kweli au unakula tu sababu saa imefika. Usishangae, kwake hayo yote ni swali moja.

Hatua ya 2: Pima kwanza, hii hatua usiiruke

Najua wengi wanataka nianze na dawa. Hapana. Ukishajua vile vitu vinne, swali ni kipi kati ya hivyo kina shida, na hapo vaidya kusikiliza mapigo ya mkono peke yake hakutoshi. Kama umri wako ni chini ya miaka 35 na mmekutana bila kinga mwaka mzima bila mimba, nenda hospitali. Ukiwa na 35 na kuendelea usisubiri zaidi ya miezi 6. Na kama hedhi yako inakuja mara tatu nne kwa mwaka huna haja ya kusubiri hata huo mwaka, nenda sasa hivi.

Vya kupima: homoni za siku ya 2 mpaka ya 4 ya hedhi, tezi ya shingo (TSH), prolaktini (homoni ya maziwa), ultrasaundi ya kizazi na ovari, na projesteroni (homoni inayopanda yai likishatoka) siku kama saba kabla ya hedhi inayofuata. Hii projesteroni watu wanakosea sana, wanaambiwa "siku ya 21" wanaenda siku ya 21 wakati mzunguko wao ni wa siku 38, majibu yanatoka chini wanaambiwa mayai hayapevuki kumbe wamepima kabla ya wakati. Siku ya 21 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Ukiwa na 38 hesabu siku kama ya 31. Kuna na picha ya mirija, ile wanaingiza dawa ya rangi kwenye kizazi na kupiga eksrei, waone kama inapita.

Na mume apime mbegu. Akae siku 2 mpaka 7 bila kutoa mbegu ndio apeleke sampuli. Karibu nusu ya wanandoa wanaotafuta mtoto kuna shida upande wa mwanaume, ama yeye peke yake ama pamoja na mke, na bado kwetu mwanamke ndio anazungushwa kwa waganga miaka na miaka wakati mwanaume hajawahi hata kupimwa mara moja. Inauma sana hii. Hata Ayurveda yenyewe inasema mbegu ni ya wawili, ina na dawa zake za wanaume, kwahiyo mama mkwe akisema tatizo ni wewe na kijana wake hajapima, hana pa kusimamia, si hospitali si kwenye vitabu vya kale.

Sasa majibu yakitoka:

Mirija imeziba pande zote mbili (mara nyingi ni maambukizi ya zamani kama klamidia, au kifua kikuu cha kizazi ambacho India wanakijua vizuri sana) = hakuna mmea wa kunywa unaofungua. Nenda kwa mtaalam wa uzazi, usipoteze mda.

Tezi ya shingo iko juu au chini, au prolaktini iko juu = inatibika hospitali kwa vidonge, na mara nyingi hedhi inarudi yenyewe baada ya hapo.

Mbegu za mume hazipo au ni chache mno = mtaalam wa uzazi, wote wawili.

Mayai hayapevuki, hasa kwa PCOS (homoni zimevurugika na mayai yanakwama kwenye ovari bila kupevuka), au hakuna tatizo lililoonekana kabisa = hapa ndio Ayurveda ina mengi ya kusema, twende.

Na kuanzia leo, kabla hujagusa kitu kingine chochote, anza foliki asidi mikrogramu 400 kila siku. Ni bei ndogo na inamkinga mtoto kwenye uti wa mgongo, na kazi yake inafanyika wiki za mwanzo kabisa ambapo wengine hata hawajajua kama wana mimba.

Hatua ya 3: Jifunze siku zako, miezi miwili mitatu, kabla ya dawa

Vitabu vya kale vinaita siku za kushika mimba ritukala, Sushruta anazihesabu usiku 12, wengine wanasema 16 ukianza siku ya kwanza ya damu. Kwa mwanamke wa siku 28 hiyo hesabu iko sawa, maana yai linatoka siku kama ya 14. Shida ni kwa dada mwenye PCOS ambaye mzunguko wake ni siku 40 na zaidi. Kwake yai, kama linatoka, linatoka wiki mbili kabla ya hedhi inayofuata, yani siku ya 26 hivi. Akifuata zile usiku 12 kama zilivyoandikwa anamaliza kazi yote kabla yai halijatoka, alafu anasema amejaribu kila kitu. Kwahiyo chukua wazo lao la msimu ila tafuta msimu wa kwako.

Utaujuaje? Angalia ute. Baada ya hedhi unakuwa mkavu, alafu unaanza kupata ute mzito wa kunata kama krimu, alafu siku chache unakuwa mwepesi, mwingi, unateleza. Chukua kidogo katikati ya kidole gumba na cha shahada, tenganisha vidole taratibu. Ukivutika kama ute wa yai bichi bila kukatika, sentimita kadhaa hivi, hizo ndio siku zenyewe. Ukikatika hapohapo bado. Mbegu za mwanaume zinaweza kuishi ndani mpaka siku 5 kwenye ute huo, yai linaishi masaa 12 mpaka 24 tu, ndio maana kukutana KABLA yai halijatoka ni bora kuliko kusubiri siku yenyewe. Kila siku au kila baada ya siku moja ukiona ute wa kuvutika, inatosha.

Ukitaka uhakika zaidi pima joto asubuhi kabla hujatoka kitandani, yai likishatoka joto linapanda kidogo, kama nyuzi 0.2 mpaka 0.5, na linabaki juu mpaka hedhi. Vile vijiti vya kupima mkojo vya famasi ni vizuri ila mwenye PCOS vinaweza kumdanganya, vinaonyesha ndio wakati yai halijatoka, sababu ile homoni vinayopima kwake iko juu mda mwingi.

Andika kila kitu kwenye daftari au kwenye simu. Ukienda kwa vaidya au kwa daktari na daftari la miezi mitatu utahudumiwa tofauti kabisa na yule anayesema "hedhi yangu inavurugika vurugika tu".

Hatua ya 4: Tengeneza tumbo na chakula

Kwenye Ayurveda kila kitu kinaanzia agni, moto wa kusaga chakula. Moto ukiwa mdogo chakula hakisagiki, kinaacha uchafu wanaouita ama, na huo ndio wanasema unaziba njia. Usiuchukue kama kitu kinachoonekana kwenye ultrasaundi, uchukue kama namna yao ya kupanga matibabu, maana ushauri unaotokana nao ni mzuri sana: kula saa zilezile kila siku, mlo mkubwa uwe mchana jua likiwa juu, usiku kula kidogo na mapema, usile tena kabla chakula cha kwanza hakijasagika, maji ya uvuguvugu badala ya soda baridi, usilale mchana, lala kabla ya saa nne usiku.

Sasa hapa nataka utulie usome vizuri. Kuna ushauri mmoja unazunguka kila mahali kwamba dawa ya uzazi ya Ayurveda ni maziwa, samli, tende na sukari guru. Hiyo ni ya nani? Ni ya mwanamke mwenye vata, yule mwembamba, mkavu, baridi, anayechoka, hedhi yake chache na ya maumivu. Huyo ndio anaongezewa mafuta na utamu. Dada mwenye PCOS ya kunenepa tumboni, mwenye hedhi ya kuchelewa, usingizi mzito, mwili mzito, vaidya mzuri atamwona ana kapha na atamkataza vitu hivyohivyo. Atampa shayiri, choroko, mboga chungu kama karela, tangawizi, pilipili manga, manjano, uwatu, na atamwambia atembee kila siku mpaka atoke jasho. Na hospitali nao wanasema hivyohivyo kwa njia yao, kwamba PCOS nyingi zinaenda na insulini kupanda, na ukipunguza hata asilimia 5 tu ya uzito (kwa mwenye kilo 80 ni kilo 4) mayai yanaweza kuanza kupevuka yenyewe. Kwahiyo mtu mwenye PCOS anayekunywa glasi mbili za maziwa na sukari guru kila siku kwa jina la Ayurveda, anafanya kinyume na Ayurveda yenyewe.

Chakula kizuri cha kuanzia kwa wote ni kichri, watu wa pwani mnakijua, mchele na choroko vimepikwa laini pamoja na bizari nzima, tangawizi, manjano na samli kidogo. Mwenye kapha apunguze mchele azidishe choroko.

Mwenye joto jingi (pitta), hedhi nzito, mzunguko mfupi, chunusi, hasira za karibu, yeye apunguze pilipili, siki na vya kukaanga, ale matango, nazi, giligilani, zabibu.

Uwatu unashusha sukari, kwahiyo kama unatumia metformini au dawa za kisukari usiunywe kila siku kama dawa bila daktari wako kujua. Kwenye mchuzi hauna shida.

Hatua ya 5: Mtafute vaidya wa kweli

Uliza vitu vitatu. Amesoma wapi na kama ana BAMS. Kama amesajiliwa, India wana mabaraza yao, na Tanzania tuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lililotokana na sheria ya 2002, kwahiyo anayefanya kazi hapa lazima awe na usajili wa hapa. Na kama amebobea kwenye kina mama, wenyewe wanaita Prasuti Tantra na Stri Roga, ni shahada ya juu kabisa kama vile hospitali kuna madaktari wa wanawake. Kwa wanaoenda India kwa matibabu, Kerala na Gujarat ndio zina historia ndefu. Kituo cha Ayurveda cha Kottakkal huko Kerala kipo tangu 1902, na mji wa Jamnagar huko Gujarat ndio Shirika la Afya Duniani (WHO) waliweka kituo chao cha dunia cha tiba asili mwaka 2022.

Vaidya wa kweli atataka kuona vipimo vyako. Atakushika mkono kwa vidole vitatu kusikiliza mapigo, ataangalia ulimi, ataminya tumbo, atauliza maswali mengi mpaka utachoka. Akikwambia usiende tena hospitali, ondoka. Akikuahidi mimba ndani ya siku kadhaa, ondoka pia, na nikwambie kitu ambacho wengi hawajui, India kwenyewe kuna sheria ya mwaka 1954 inayokataza kutangaza dawa kwamba inatibu ugumba wa wanawake. Yani yule anayetuma matangazo ya "mapacha uhakika" kwenye simu yako, kwao angeshtakiwa.

Hatua ya 6: Mimea yenyewe

Shatavari ndio malkia wao. Ni mizizi ya mmea wa jamii ya asparaga, inasagwa unga mweupe wa kahawia kidogo, mtamu na mchungu kwa mbali. Wanaitumia kulisha kizazi, kutuliza joto, kuongeza ute. Utafiti kwa binadamu kuhusu kupevusha mayai bado ni mdogo, nyingi ni za panya, kwahiyo usiiweke kwenye daraja moja na letrozoli, ambayo ndio dawa hospitali wanaanza nayo kupevusha mayai kwa wenye PCOS. Namna ya kuandaa: maziwa nusu glasi na maji nusu glasi kwenye sufuria, weka kijiko kimoja cha chai cha unga (kama gramu 3), chemsha moto mdogo huku unakoroga sababu unaganda chini na kuungua haraka, acha mpaka yale maji yaishe ubaki na ujazo wa yale maziwa. Kunywa ya moto usiku. Mwenye PCOS atumie maji tu, bila sukari. Usinywe kama una mzio wa asparaga au uvimbe unaolishwa na estrojeni kama faibroidi mpaka uongee na daktari.

Ashoka ni gamba la mti, wanalitumia kwa damu nyingi na maumivu ya hedhi, linauzwa kama Ashokarishta, maji meusi yaliyochachushwa. Ujue yana alkoholi inayotokana na uchachu, kwa wasiotumia kabisa kwa ajili ya dini waulize unga wake badala yake.

Kanchanara guggulu wanampa mwenye PCOS, wakiamini inapunguza vimbe. Hapa kuna kitu lazima kinyooshwe. Vile vifuko kwenye ultrasaundi ya PCOS sio vimbe vya kuyeyusha, ni mayai madogo yaliyoanza kukua yakasimama njiani. Hayayeyuki, yanatakiwa moja lao liendelee kukua mpaka lipasuke. Anayekuuzia dawa ya "kuyeyusha" hajakuelewa wewe wala ovari zako.

Ashwagandha inauzwa sana kwa stresi na usingizi. Inaweza kupandisha homoni za tezi ya shingo, imeripotiwa kuumiza ini kwa baadhi ya watu, na haitakiwi ukiwa na mimba. Kwa mtu anayetafuta mimba kila mwezi mimi naona haina nafasi nusu ya pili ya mzunguko. Guduchi, mmea wao mwingine, nayo iangalie kwa upande wa ini.

Phalaghrita ni samli iliyopikwa na mimea mingi, ndio dawa yao maarufu ya uzazi, inanyweka kijiko asubuhi na maziwa ya moto. Kwa mwembamba mkavu sawa, kwa mwenye kolestro na uzito sio ya kujipa mwenyewe.

Ufuta na sukari guru wanawake wengi wa India wanakula kuvuta hedhi iliyochelewa. Ndio maana ukiwa umeshakutana na mumeo siku za ute usijazie vitu vya kuvuta hedhi, subiri kwanza upime mimba. Hivyohivyo kwa Kumaryasava ya shubiri na vidonge vya Rajahpravartini, hivyo kazi yake ni kushusha damu.

Usichanganye mitano kwa mara moja. Anza mmoja, kaa nao wiki kadhaa, uone. Na kama hospitali wamekupa dawa za kupevusha mayai, klomifeni au letrozoli, usiongeze mimea kimyakimya, mwambie daktari, akikugombeza akugombeze.

Hatua ya 7: Panchakarma

Hii ni kusafisha mwili: mafuta ndani na nje, jasho, alafu kutapishwa, kuharishwa, au dawa za kuingizwa njia ya haja kubwa (basti). Kwa apana, ile vata ya kusukuma chini, ndio basti wanaisifia zaidi. Inafanyika kwenye kituo chini ya vaidya, siku kadhaa, sio kitu cha kujifanyia nyumbani kwa kunywa dawa za kuharisha wiki nzima. Usifanye mwezi ambao unaweza kuwa na mimba. Wengi wanapanga: panchakarma kwanza, miezi hiyo mnatumia kinga, ndio mje kutafuta mimba.

Ile inayoitwa uttara basti, mafuta yanaingizwa kwenye kizazi chenyewe, nina wasiwasi nayo mkubwa. Wanaifanya India kwa mirija iliyoziba, ila kuingiza kitu ndani ya kizazi bila usafi wa hali ya juu kunaleta PID (maambukizi ya kizazi na mirija), na PID ndio inaziba mirija. Kama haifanyiki hospitali ya Ayurveda yenye chumba kisafi na daktari wa wanawake, kataa. Na usikubali kabisa mtu akuwekee mafuta au mizizi ukeni nyumbani.

Cha nyumbani kilicho salama ni abhyanga: pasha mafuta ya ufuta kwenye bakuli lililokaa juu ya maji ya moto, jipake mwili mzima, viungo kwa kuzungusha, mikono na miguu kwa kunyoosha, tumbo taratibu, kaa dakika 15 hivi, oga maji ya uvuguvugu. Siku za damu acha, pumzika, kula chepesi.

Hatua ya 8: Soma kopo kabla hujameza

Hii ndio hatua iliyonifanya niandike. Kuna tawi la Ayurveda linaitwa rasashastra, linatumia madini yaliyochomwa na kusagwa, zebaki, risasi, aseniki, chuma, dhahabu. Mwaka 2008 jarida la madaktari wa Marekani JAMA lilitoa utafiti wa dawa 193 za Ayurveda zilizonunuliwa mtandaoni, karibu moja kati ya tano ilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Na 2012 taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, CDC, ikaeleza wanawake sita wa New York wenye mimba waliokutwa na risasi nyingi kwenye damu baada ya kutumia dawa za Ayurveda, na baadhi yao walizitumia kwa ajili ya mambo ya uzazi. Risasi inapita kwa mtoto tumboni, inaumiza ubongo wake, inakaa kwenye mifupa ya mama miaka mingi. Yani mtu anatafuta mtoto na kile anachomeza ndio kinamsubiri huyo mtoto.

Kwahiyo chukua kopo, geuza, tafuta maneno haya: bhasma, rasa, parada (zebaki), naga (risasi), hingula na makaradhwaja (vyote ni zebaki), haratala na manashila (aseniki), sindoor. Ukiona mojawapo, rudisha. Pushpadhanva Rasa wanaiandika sana kwa mayai, jina lenyewe lina rasa, ina madini, mimi nakwambia usiiguse. Angalia jina la mtengenezaji, namba ya leseni, namba ya bachi, tarehe ya kuisha. Kisichokuwa na hivyo vyote, hata kama kimetoka India kwenye sanduku la shangazi yake fulani, usinywe. Vidonge vilivyofungwa kwenye gazeti au kwenye mfuko mweupe bila maandishi usivifikirie mara mbili.

Kama umeshavitumia, usiogope ila usikae kimya, uliza maabara kubwa kama wanapima risasi kwenye damu, na pima kabla hujaendelea kutafuta mimba.

Hatua ya 9: Akili

Charaka, mwengine wa wale wakongwe, kwenye orodha yake ya vitu vilivyo bora kuliko vyote, kwa upande wa kushika mimba aliandika furaha ya moyo. Sio kwamba ukiwa na huzuni ni kosa lako, na yeyote anayekwambia "acha tu kuwaza utapata" hajui anachosema. Ila kuna vitu unaweza kupunguza: wanaokuuliza kila wikiendi "vipi bado?", mume anayekuja kitandani siku ya ute kama anakuja kazini. Tembeeni jioni pamoja. Pumua taratibu dakika kumi kabla ya kulala, pumzi za kutoa ziwe ndefu kuliko za kuvuta.

Hatua ya 10: Weka tarehe ya mwisho

Kabla hujaanza andika tarehe. Chini ya 35 na mirija iko wazi na mume yuko sawa, jipe miezi 6 ya chakula, mazoezi, kujua siku, na mmea mmoja chini ya vaidya. Ukiwa na 35 au zaidi, jipe miezi 3, na ufanye sambamba na hospitali sio badala yake. Kila mwezi jiulize swali moja tu, je, yai limetoka? Ute ulikuwepo, joto lilipanda, hedhi ilikuja wiki mbili baadae? Kama mzunguko uliokuwa siku 60 sasa ni 35, endelea, kuna kitu kinafanya kazi. Kama hakuna mabadiliko tarehe ikifika, nenda kwa mtaalam wa uzazi na daftari lako lote.

Na siku kipimo kikionyesha mistari miwili, acha mimea yote siku hiyohiyo, ashwagandha, shubiri, guggulu, triphala, vyote, endelea na foliki asidi tu. Peleka makopo yote kliniki daktari ayaone. Omba ultrasaundi ya mapema, wiki ya 6 au 7, kuhakikisha mimba imekaa ndani ya kizazi, hasa kama uliwahi kuwa na PID. Ukisikia maumivu makali upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu, maumivu ya bega au damu, usimpigie vaidya, usisubiri asubuhi, nenda hospitali saa hiyohiyo.